Mpunga, Ardhi na Haki ya Mwanamke: Mila Isivae Kanzu ya Dini







Maudhui tuliyoyachagua yanahusu mpunga. Tunataka tutazame, baina ya mwanamume na mwanamke, nani ana haki gani juu ya ardhi ya mpunga, maji yake, pembejeo zake na mavuno yake. Huenda wako watakaouliza: jambo hili ni la mabwana shamba na wataalamu wa serikali, limeingiaje katika mhadhara wa dini? Jibu letu ni kwamba limeingia kwa milango mitatu, nayo ni mirathi, umiliki wa mali, na zaka. Yote mitatu ni hukumu za Mwenyezi Mungu, na katika yote mitatu mwanamke wa Kiislamu anayelima mpunga anadhulumiwa, tena aghalabu anadhulumiwa kwa jina la dini yenyewe.

Nani anaulima mpunga?

Tutazame kwanza hali ilivyo. Visiwani Zanzibar, katika makonde yanayotegemea mvua na katika mabonde ya umwagiliaji kama Cheju, Kibokwa, Mtwango na Bumbwisudi, wanaoonekana wameinama mpungani kwa wingi ni wanawake. Katika bonde la Rufiji, familia huhamia shambani na kukaa katika madungu miezi ya mpunga, na mwanamke hulea watoto huko huko huku akilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Kilombero, Mbarali na kwingineko Bara, kazi ya kung'oa miche kitaluni, kuipandikiza katika majaruba na kuipalilia imekuwa kama ni ya wanawake, na baada ya mavuno, kupepeta na kuanika ni juu yao vilevile.

Kwa hakika, hakuna anayeipinga picha hii. Ukimuuliza mzee yeyote wa kijiji cha mpunga nani anayefanya kazi shambani, atakuambia bila kusita kwamba wanawake wanafanya kazi kubwa. Lakini ukimuuliza jaruba hilo limeandikwa jina la nani, nani ni mwanachama wa umoja wa wamwagiliaji, nani alikwenda kwenye mafunzo ya mbegu mpya, na nani alipokea fedha gunia lilipouzwa, majibu yatabadilika. Hapo ndipo ilipo kadhia yetu.

Mnyororo wa kukosa

Tunapenda ieleweke kwamba rasilimali za kilimo zimefungamana kama pingili za mnyororo, na mwenye kukosa pingili ya kwanza hukosa na zinazofuata. Pingili ya kwanza ni ardhi. Asiyekuwa na jaruba kwa jina lake, mara nyingi hahesabiwi kuwa mwanachama katika umoja wa wamwagiliaji. Asiyekuwa mwanachama hana kura siku ya kupangwa zamu za maji, na shamba lake likiwa mwisho wa mfereji, maji humfikia yakiwa yamekwisha. Asiyekuwa na ardhi hana dhamana ya kukopea, na asiyekuwa na mkopo hununua mbolea kidogo tena kwa kuchelewa, ilhali mpunga haumsubiri mtu. Trekta au pawatila huanza kwa mwenye fedha mkononi, na mwanamke mjane hulimiwa mwisho, hupandikiza mwisho, na mvua zikikatika mapema hasara ni yake.

Hata elimu nayo ina njia yake. Bwana shamba anapokuja kijijini huitisha mkutano wa wakulima, na wanaoitwa ni wakuu wa kaya. Mume hufundishwa nafasi ya kupandikiza baina ya mche na mche, kisha anayekwenda kupandikiza ni mke ambaye hakufundishwa. Yeye na mumewe wote hupata hasara kwa jambo ambalo lingeondoka kwa kubadilisha saa ya mkutano tu, na kumwita aliyeshika kazi.

Matokeo ya mnyororo huu yamepimwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu wanawake katika kilimo na mifumo ya chakula, lilieleza kwamba baina ya mashamba yanayosimamiwa na wanaume na yale yanayosimamiwa na wanawake, yakiwa na ukubwa ule ule, pana tofauti ya tija ya asilimia 24. Ripoti nyingine ya shirika hilo, iliyotolewa mwaka 2011, ilikadiria kwamba lau wanawake wangepata rasilimali sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Sababu haikuwa uvivu wala upungufu wa akili, bali ni ile ile tuliyoitaja: ardhi, pembejeo, mikopo, zana na mafunzo. Basi anayemnyima mwanamke nyenzo, anainyima pia jamii yake chakula.

Funzo kutoka Gambia

Hapa tungependa kuwapeleka ndugu zetu mbali kidogo, katika nchi ya Gambia, Afrika ya Magharibi, ambako wananchi walio wengi mno ni Waislamu kama sisi. Miongoni mwa Wamandinka wa huko, wanawake ndio walimaji wa mpunga wa mabondeni tangu zamani, na wanaume hulima mtama, uwele na karanga nyanda za juu. Mila yao ilitenganisha aina mbili za mashamba. Liko shamba la kaya, waliloliita *maruo*, ambalo wote hulilima na mkuu wa kaya huyasimamia mavuno yake kwa ajili ya chakula cha wote. Na liko shamba la mtu binafsi, *kamanyango*, ambalo mavuno yake ni ya aliyelilima, awe mwanamume au mwanamke. Mwanamke aliyefyeka kinamasi kwa jasho lake alikuwa na kamanyango yake, na fedha ya mpunga huo ilikuwa yake.

Kisha ikaja miradi ya umwagiliaji. Ile ya kwanza, iliyoanza miaka ya 1960 kwa msaada wa Taiwan, iliwaelekea wanaume. Mwaka 1984 ukaanza mradi mkubwa wa Jahaly-Pacharr, wa hekta zipatazo 1,500, na safari hii wafadhili walisisitiza kwamba wanawake wapewe haki yao. Majaruba mengi yakaandikwa majina ya wanawake. Karatasini jambo likawa zuri. Lakini wakuu wa kaya walishikilia kwamba majaruba hayo ni maruo, ni ya kaya, na kwa hivyo mavuno yako chini yao. Kilimo kikawa cha misimu miwili kwa mwaka, kazi ya wanawake ikaongezeka, na wakati huo huo vinamasi walivyokuwa wakivilima kwa nafsi zao vikawa vimeingizwa katika mradi. Wanawake wakajikuta wana majina katika daftari na hawana mavuno ghalani. Wako waliogombana na waume zao mpaka wakapewa kipande kingine cha ardhi, wako waliolipwa sehemu ya mpunga, na wako waliokataa kabisa kufanya kazi katika mashamba ya mradi.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba kuandika jina la mwanamke katika hati ni jambo jema, nalo peke yake halitoshi. Swali la pili ni hili: mavuno yakishaingia, ni ya nani? Na swali hilo Uislamu umelijibu karne 14 zilizopita.

Hukumu ya dini

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametubainishia kwamba wanaume wana fungu lao katika waliyoyachuma na wanawake wana fungu lao katika waliyoyachuma. Mali ya mke haingii katika mali ya mume kwa sababu ya ndoa. Mume ana wajibu wa kumlisha mkewe hata kama mke ni tajiri, wala mke halazimiki kutoa mali yake kwa ajili ya matumizi ya nyumba. Akitoa, ni ihsani yake na ana ujira kwa Mola wake. Hii ndiyo sheria tunayojivunia tunapojadiliana na watu wa dini nyingine. Basi na tuitekeleze kwenye gunia la mpunga kabla hatujaitaja kwenye mimbari.

Amepokea Imamu Muslim habari ya mama mdogo wa sahaba Jabir bin Abdillah (r.a.), aliyekuwa katika eda ya talaka akataka kutoka kwenda kuvuna mitende yake. Mtu mmoja akamkemea. Alipomwendea Mtume (s.a.w.), alimruhusu akavune, kwa kutarajia kwamba huenda akatoa sadaka au akafanya wema kwayo. Tuyazingatie mambo matatu katika kisa hiki: mitende ilikuwa ya mwanamke, mavuno yalikuwa yake ayafanyie atakalo la kheri, na aliyemzuia ndiye aliyekosolewa.

Ama mirathi, aya ya 7 ya Sura hiyo hiyo imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Hakuna mahali ardhi ilipotolewa katika hukumu hiyo, wala mpunga, wala minazi. Na wanazuoni wametupokelea kisa cha mjane wa Saad bin Rabii (r.a.), aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki kwamba mumewe aliuawa siku ya Uhud, akaacha mabinti wawili, na ami yao akaichukua mali yote. Zikateremka aya za mirathi, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru ami huyo awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, kisha kilichobaki ndicho chake. Lau mali ile ingekuwa majaruba 24, mabinti wangepata 16, mjane 3, na ami 5. Ni wangapi katika vijiji vyetu wangekubali hesabu hiyo leo?

Tuchukue mfano ulio karibu zaidi. Amefariki mkulima, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na majaruba 32 yaliyo sawa, baada ya kutolewa gharama za maziko, madeni na wasia. Na katika madeni hayo tusisahau mahari ya mke ikiwa haijalipwa. Mke atapata thumni, yaani majaruba 4. Yatabaki 28, mtoto wa kiume atachukua 14 na kila binti 7. Jumla ya haki ya wanawake watatu ni majaruba 18 kati ya 32, zaidi ya nusu. Lakini desturi katika vijiji vingi ni kwamba kijana wa kiume, au ami yake, husimamia yote 32, na mjane huambiwa alime kipande kwa hisani. Watu hawa hawa husema kwamba Uislamu umempa mwanamke nusu ya mwanamume. Laiti wangempa hiyo nusu!

Udhuru unaotolewa

Tumesikia nyudhuru nyingi. Wa kwanza ni kwamba binti ataolewa ukoo mwingine na ardhi itatoka nje. Tunasema: Mwenyezi Mungu alijua kwamba mabinti huolewa, na akawapa. Ukoo si mrithi katika sheria yetu. Ikihofiwa kwamba shamba litakatwakatwa mpaka lisifae kulimwa, ndugu wa kiume anaweza kununua fungu la dada yake kwa bei ya haki na kwa ridhaa yake, au walilime pamoja na kugawana mavuno kwa mafungu yao. Kumnyima si mojawapo ya njia hizo.

Udhuru wa pili ni kwamba dada mwenyewe amesamehe. Tunauliza: alisamehe baada ya kujulishwa fungu lake ni kiasi gani, na kukabidhiwa, au aliulizwa mbele ya wazee siku ya arobaini, machozi hayajakauka, huku akijua kwamba akisema hapana atakosa mahali pa kurudi akiachika? Ridhaa ya aliyetishwa si ridhaa.

Udhuru wa tatu ni kwamba mume ndiye mlishaji, kwa hivyo mavuno yawe yake. Ulishaji ni wajibu juu ya mali ya mume, haukuwa kamwe ruhusa ya kuchukua mali ya mke. Kama shamba ni la mume na mke amelima kwa makubaliano ya kugawana, makubaliano yatimizwe. Kama shamba ni la mke, mavuno ni ya mke. Na Bukhari na Muslim wamepokea onyo kali la Mtume (s.a.w.) kwa anayechukua ardhi kwa dhuluma, hata iwe ni shibiri moja, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka saba. Onyo hilo halikubagua baina ya aliyemdhulumu jirani na aliyemdhulumu dada yake.

Zaka ya mpunga

Mlango wa tatu ni zaka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa mwambao wetu, mchele nisabu yake ni wasaki 5, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi hukadiria kuwa takriban kilo 650, na ukiwa bado katika maganda yake huhesabiwa wasaki 10. Uliooteshwa kwa mvua, au kwa maji yanayojiendea bila gharama, hutolewa sehemu moja ya kumi. Ulionyeshwa kwa taabu ya kuteka maji, kama kwa pampu, hutolewa nusu ya hiyo.

Zaka hii inamlazimu mwenye mali. Sasa tufikiri: mpunga wa mke umechanganywa ghalani na wa mume, umeuzwa bila idhini yake, na hesabu yake haijulikani. Nani atoe zaka? Mke hana cha kutoa kwa kuwa hakikabidhiwi kwake. Mume akitoa, anatoa katika mali isiyokuwa yake na hakuruhusiwa. Basi dhuluma hii imeharibu haki ya mja na imegusa nguzo ya dini. Yeyote anayeipuuza kwa kuiona ni habari ya wanawake, na aitazame tena kwa jicho hili.

Sheria ya nchi na wajibu wetu

Tunawakumbusha ndugu zetu wa Bara kwamba sheria ya nchi nayo haimzuii mwanamke. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, zimempa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Sheria ya Vijiji imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo, na imeagiza Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, watatu wao wakiwa wanawake. Zanzibar, mirathi ya Waislamu ina mahakama yake ya Kadhi. Milango iko wazi, lakini mjane wa kijijini hatajua kuipitia ikiwa hakuna wa kumwongoza.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo yafuatayo, ambayo kila msikiti katika eneo la mpunga unaweza kuyaanza bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, kamati ya msikiti iwe na watu wawili wanaojua elimu ya mirathi, na kila anapofariki mkulima, mafungu yaandikwe kwa idadi ya majaruba na mipaka yake, yasomwe mbele ya warithi wote, wanawake wakiwapo.

Pili, kila mwenye hati ya hakimiliki ya kimila aitazame. Ikiwa mke ana sehemu katika ardhi hiyo, jina lake liandikwe sasa, mume akiwa hai.

Tatu, Waislamu walio viongozi katika umoja wa wamwagiliaji wakubali uanachama wa anayelima, na zamu za maji zipangwe kwa haki. Maji ni miongoni mwa vitu ambavyo Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu wanashirikiana, na mjane aliye mwisho wa mfereji ni mshirika pia.

Nne, siku ya kupima mpunga, magunia ya mume na ya mke yahesabiwe mbali mbali, hata kama yatawekwa ghala moja, na kila mmoja ajue zaka yake.

Tano, madarasa ya akina mama yafundishe hesabu ya mirathi na zaka sambamba na tohara na swala, ili mwanamke aijue haki yake kabla ya msiba kumfika.

Ndugu zetu, watu wengi wanautazama Uislamu kwa kutazama matendo ya Waislamu. Binti anayefukuzwa katika shamba la marehemu baba yake na kaka anayetoka kuswali, atasemaje kuhusu dini ya kaka huyo? Na sisi tutamjibu nini Mola wetu, tukiwa tumelijua hilo na tukanyamaza?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atie baraka katika mashamba yetu, azitakase nyoyo zetu na uchu wa mali ya yatima na wajane, na atupe nguvu ya kumrejeshea kila mwenye haki haki yake kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu ya kulipia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.